Maji ya Mke Mwenzangu

Mume wangu hakunikataza kukimbia. Alinitazama nikijaribu raba mpya, akasema, "Nenda. Lakini usipofika mwisho kabla ya alasiri, mambo ya mbio basi tena, raba hizo unazigawa." Mimi mwalimu wa skuli ya mjini, miaka arubaini imeshanipigia hodi, na kila baada ya sala ya alfajiri nauzunguka uwanja wa Mnazi Mmoja, mtandio kichwani. Bila ya ile saa moja ya asubuhi ningelikuwa nshapasuka zamani. Nikamwambia ntafika.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mbio zilitoka Kizimkazi, zikafuata pwani ya mashariki mpaka ncha ya Michamvi, marathoni na ziada juu yake. Mchanga upo, lakini sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, makali, yanakula soli.

Mawe sikuyaogopa. Kilichonitia wasiwasi ni habari kwamba kwenye meza ya mwisho ya maji, pale Bwejuu, atasimama mke mwenzangu. Miaka sita ya ukewenza, mimi mjini, yeye shamba, hajawahi kuniletea hata embe moja. Leo kajitolea kuninywesha maji? Tena wiki nzima akimuuliza mume wetu mimi ntapita saa ngapi. Loo! Nikajua hapa pana jambo.

Basi nilitoka Kizimkazi nikiwa nshaanza kushuku kila kitu. Mishale ya chokaa kwenye mawe niliitilia shaka. Bibi mmoja wa Makunduchi aliniombea heri, naye nikamtilia shaka. Kufika Jambiani, raba ya kushoto ilikuwa imeachama na ulimi umenikauka kama dagaa.

Bwejuu nikamkuta. Kasimama nyuma ya meza, peku, katoka kwenye shamba lake la mwani, chumvi imemganda miguuni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikaitikia kwa pua.

Vikombe vyote viko wazi, isipokuwa kimoja kimefunikwa kwa kisahani. Akakisogeza mbele yangu. "Hichi chako, nimekuwekea."

"Mbona changu tu kimefunikwa?"

"Nzi, dada."

Nzi! Hao nzi wananijua mimi peke yangu? Nikakichukua kikombe, nikamwaga maji mchangani mbele ya watu, nikashika njia. Kwa muda mfupi nilijiona mjanja kweli kweli.

Halafu jua likanishukia. Koo likawa linaniwaka, na mbele hapana meza nyingine. Mara nikasikia maji yanacheza nyuma yangu. Kugeuka, ni yeye. Meza kaiacha, kajifunga kibwebwe, ndoo kichwani, anakimbia peku juu ya mawe yale yale yaliyonimalizia raba. Nikiongeza mwendo, anaongeza. Nikitembea, anatembea. Nikasema moyoni, huyu anataka awepo nikianguka, apate la kuhadithia.

Nikampa hilo la kuhadithia. Msuli wa paja ulijikunja, nikaenda chini, goti likachanika. Nikalia, wala silii goti. Nalilia raba zangu.

Akaitua ndoo. Akachota kikombe, akanywa chote, akakipindua nione hakuna kilichobaki. Akachota cha pili, akanipa. "Haya. Kama nna nililokutilia, tutakufa sote."

Nikanywa. Nikanywa vitatu, cha nne nikajimwagia kichwani. Shaka haikuniisha.

"Unataka nini kwangu?"

"Nataka ufike," akasema. "Mume wetu kanambia, ukishindwa wewe, na mimi mwani mwisho. Sote wawili tukae ndani. Mimi mwani siachi, dada. Inuka!"

Hasira ilinipanda, si juu yake. Kisha nikaona haya. "Nisamehe yale maji niliyomwaga."

"Yale nilikuwa nimeyatia ndimu na sukari," akasema. "Haya hayana."

Akanishika mkono tukaondoka, mimi nachechemea, yeye na ndoo yake. Tuliufikia mstari adhana ya alasiri bado haijatoka. Mume wetu alikuwa amekaa kitini chini ya turubai, anaitazama saa. Akanyanyuka. Akanitazama mimi na goti langu, akamtazama yeye na ndoo yake, akarudi kwangu.

"Nyinyi," akasema, "mmeanza lini kuwa pamoja?"

Mwenzangu akachota maji yaliyobaki, akamnyooshea kikombe kwa adabu zote, mikono miwili.

Akakipokea. Akachungulia ndani. Hakunywa.