Jicho Lililolia kwa Ukavu

Mwanangu, ipo siku moja ya Januari naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako akisikia hivyo ataninunia. Ni siku niliyoambiwa kwamba sipofuki.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa fundi cherehani Kariobangi, kwenye kibanda cha mabati, tukishona sare za shule. Januari ndiyo mavuno yetu, ingawa kushona tulianza tangu Septemba. Tulikuwa mafundi sita na ujinga wetu mmoja: kushindana nani atamaliza mshono mrefu wa suruali bila kupepesa macho. Anayepepesa ndiye anayenunua chai. Mimi chai sikununua hata mara moja, na nilijisifu sana. Feni ilinipuliza usoni tangu asubuhi kwa ajili ya joto la mabati, na ubavuni pasi ya makaa ilifuka moshi. Nani angejali? Ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Macho yakaanza kuwasha. Kisha yakachoma, kana kwamba nimemwagiwa mchanga. Kisha yakawa mekundu, na machozi yakanitiririka mchana kutwa, hata wateja wakanipa pole wakidhani nimefiwa. Jioni niliona ukungu; nikipepesa unatoka, halafu unarudi. Jirani yetu kule Huruma, mtaa tuliopanga, akanipa kichupa cha dawa ya kung'arisha macho alichonunua dukani. Nikitia, yanakuwa meupe kwa saa moja, halafu yanarudi mekundu kuliko mwanzo. Nami natia tena.

Sikumwambia mtu. Babu yangu kule Bungoma alikufa kipofu, nikajua zamu yangu imefika. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mke, mtoto anayetambaa, yaani wewe, na kazi ya macho. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nikaanza kujizoeza upofu: mama yako akienda sokoni, nafumba macho nahesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi bombani. Siku moja nikakukanyaga vidole, ukalia hadi wapangaji wa ploti nzima wakasikia, na bado sikusema.

Aliyenikamata ni Mama Truphosa, mama wa makamo aliyeshona vifungo nyuma yangu. Nilimpelekea shati, akaligeuza, akanionyesha kimya kimya mfuko niliokuwa nimeushona juu chini. Nikajitetea eti ni uchovu. Akaniuliza macho yangu yana nini. Nikamjibu kwa kiburi kwamba macho hayana pazia, kazi ya fundi ni kutazama tu.

"Hayana pazia, lakini Mungu aliyapa kope," akasema. "Wewe kope zako umezinyima kazi. Chukua koti, twende."

Akanishika mkono mbele ya wenzangu kama mtoto wa nasari, hadi kliniki ya macho. Daktari akanitia tone la rangi, akanichungulia kwa taa, nami nimekishika kiti kwa mikono miwili. Halafu akasema macho yangu ni makavu. Nikaona ananichezea. Makavu vipi, na yanatiririka hivi?

"Jicho likikauka huumia, likiumia hulia," akaniambia. "Lakini hayo ni maji ya kukimbia tu, hayakai. Jicho linataka machozi yenye mafuta kidogo, na kope ndizo huyapaka. Usipopepesa, nani atayapaka?"

Akanieleza kwamba feni, moshi na kule kukodoa ndivyo vilivyonikausha, na kile kichupa kikazidisha. Kioo cha jicho kilikuwa kimeanza kukwaruzika. Ningeendelea hivyo, ningepata kidonda, na kidonda huweza kuacha kovu, hapo ndipo kuona hupotea kweli. Lakini nilikuwa nimewahi. Nikamuuliza mara tatu kama sipofuki. Mara ya tatu akacheka. Nililia pale kwenye kiti kwa furaha, na Mama Truphosa akanipa leso yake huku akiangalia dirishani.

Nilipewa matone ya kulainisha, nikaambiwa niweke kitambaa cha maji vuguvugu juu ya kope asubuhi na jioni, na feni niigeuzie ukutani. Wiki kadhaa zilipita kabla ya macho kuacha kuchoma. Jioni ya siku ile ya kliniki nilimwambia mama yako yote, hata zile hatua. Alininunia siku mbili, kisha akaanza kunipashia maji mwenyewe. Kumbe kwa wekundu ule wa macho alikuwa amekwisha amini kwamba nimeanza kunywa chang'aa.

Basi nawe nakuona unavyoikodolea simu hiyo. Pepesa. Inua macho utazame mbali. Jiepushe na moshi, usitie jichoni dawa ya jirani, na macho yakichoma au kutoa maji siku baada ya siku, nenda ukapimwe. Tena nisikilize vizuri hapa: mficha maradhi kifo humuumbua. Ugonjwa wangu ulikuwa wa kutibika kwa matone, nami nikaulea miezi mitatu kwa aibu, nikijifunza kupapasa ndani ya nyumba yenye mke anayenipenda. Ukiogopa, sema ungali unaogopa, usingoje ujasiri.

Mungu akupe macho ya kuwaona wajukuu wako, akupe mtu wa kukuuliza una nini, na akupe ulimi wa kumjibu kweli.