Watu Wangu Wote Wanatoka na Rangi ya Majivu

Admin, nifiche kabisa tafadhali, hata kaunti yangu usiitaje, maana Wakenya wa huku tunajuana kama watu wa ploti moja.

Mimi ni dada wa miaka 28, mama wa mtoto mmoja anayelelewa na nyanya yake. Nafanya kazi za nyumbani hapa Riyadh, huu ni mwaka wa tatu. Ninaloleta leo si la mapenzi wala la mshahara. Ni la kuchora. Wa kucheka acheke sasa amalize.

Mwaka jana, kwenye grupu la Wakenya, nilifahamiana na kaka mmoja, nitamwita Kevo, mlinzi wa ghala karibu na bandari ya Jeddah. Kevo anachora kwa penseli hadithi ya picha kuhusu msichana wa kwetu aliyekuja kufanya kazi Saudia. Anajua kuchora, si mchezo, lakini hana kifaa, kwa hiyo alitafuta mtu wa kupitisha wino juu ya penseli yake na kupaka rangi kwa tableti. Kiherehere changu kikaniponza, nikasema mimi naweza. Tableti nilikuwa nayo, ya zamani ya binti wa madam, bosi wangu, na madam mwenyewe ndiye alinipa niwe nikimwona mwanangu kwa video. Kuchora kwa tableti sikuwa nimewahi, hata siku moja.

Jamani, niliteseka. Mstari unaoutaka unyooke unatetemeka kama wa mgonjwa. Ukiacha upenyo mdogo kwenye mstari wa shavu, ukagusa umwage rangi, inavuja na kujaza ukurasa mzima. Mwezi wa kwanza nilikuwa napaka rangi palepale nilipopiga wino, nikifuta rangi na wino unaondoka. Baadaye ndipo nikaelewa kuna leya, kama karatasi za nailoni zilizopangwa: wino juu, rangi chini. Hayo yote nilijifunza peke yangu, mchana nyumba ikilala, nikiwa kwenye kile chumba changu kando ya mashine ya kufulia.

Wino ukakubali. Rangi ndiyo ikakataa. Kila nikimtumia Kevo ukurasa, ananirushia sauti: "Sister, hii ni nini sasa? Hawa watu wako wanakaa kama maiti. Huyu dem ni Mkenya ama ametolewa mochari?" Nami naangalia tableti, naona msichana wa kahawia mzuri kabisa. Nikaona huyu ananionea kwa sababu mimi ni mwanamke wa kazi za ndani. Tuligombana, tukanuniana wiki mbili. Nikarudia kurasa sita, akasema ni zile zile. Nililia, sioni aibu kusema.

Juzi nilifungua ukurasa mmoja kwenye simu yangu, nikauweka kando ya tableti. Kwenye tableti, kahawia. Kwenye simu, majivu, tena yenye ubluu. Kumbe tableti ina ile rangi ya njano ya kulinda macho, madam aliiwasha binti yake akiwa mdogo, akaifunga kwa namba ya siri. Miezi minane napunguza wekundu nikidhani umezidi, kumbe ni kioo. Kevo alikuwa sahihi muda wote, na mimi sikuwa nimekosea. Hasira hiyo unaipeleka kwa nani?

Sasa mtaniambia, si umwombe madam aifungue? Hapo ndipo penye shida. Namba anaiweka yeye mwenyewe, na tableti ikifika mkononi mwake lazima aipekue. Na humo ndani yumo yeye.

Kwenye penseli za Kevo, bosi wa yule msichana hana sura, ni duara tu. Aliniambia, "Weka madam yeyote." Mimi madam ninayemjua ni mmoja. Nikaweka pua yake, miwani yake, hata vikombe vyake. Hilo ningeweza kulibadilisha. Lakini kuna ukurasa wa kumi na moja, bosi analia jikoni huku maji yanachemka. Hicho kilio nilikiona kwa macho yangu. Siku ile madam alinishika mkono akaniambia, "Mafi kalam," nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Nikachora.

Kevo amepata watu wa Nairobi watakaoiweka hadithi mtandaoni, jina langu likiwa kando ya lake. Amenipa hadi Ijumaa: "Rangi isipokaa poa, sister, nitampea msee mwingine amalize." Nimejaribu kupaka kwa kubahatisha nikilinganisha na simu, ukurasa mmoja umenila siku nne, na zimebaki kurasa kumi na tisa. Nikisema nizitume kwa simu halafu nizifute kwenye tableti kabla ya kumpa madam, simu imejaa, kurasa zenye leya haziingii, zinakwenda zikiwa picha moja iliyoshikana, rangi hiyo mbaya haitoki tena bila kuharibu wino.

Huyu mama hajawahi kunifokea. Aliponipa tableti alisema mtoto asimsahau mama yake. Nikimwomba namba, ataona nilichofanya na siri yake. Nikinyamaza, kazi ya miezi minane inapewa mtu ambaye hajawahi kuosha sufuria ya Mwarabu. Na mkitaka ukweli wote, ukurasa wa kumi na moja ndio pekee ambao Kevo aliusifia, na kila nikishika kalamu niufute, mkono unakataa.

Msinitukane, dada zangu na kaka zangu. Nimwambie madam, au nimwachie Kevo kurasa zake? Nifanye nini mimi?