Ganeti Iliyotoka Kaburini

Kila masika, mvua ikishakata, nilishuka korongoni nyuma ya shamba letu la Handeni kuokota mawe. Si mawe ya mafiga! Nilitaka yale yenye ganeti, punje nyekundu zilizojikata pande sawasawa utadhani kuna fundi chini ya ardhi. Nilikuwa sizibandui. Ganeti ikishatolewa kwenye mwamba wake inakuwa kama harage tu. Ikiwa mahali pake unaona ilivyoota. Mamamkwe alinisema kutwa nzima. "Wenzako wanaleta kuni, wewe unaleta mlima!" Nami nilikuwa sinyamazi. Tulizozana hadi majirani wakatuzoea.

Jiwe kubwa kuliko yote sikuliokota mimi. Binti yangu wa kwanza alifariki ndiyo kwanza anasimama dede. Wanaume wakaenda kuzika, sisi wanawake tukabaki nyumbani, kama ilivyo kwetu. Kaka yangu, aliyekuwa miongoni mwa wachimbaji wa kaburi, alirudi na kipande cha mwamba mweusi unaometameta, ganeti moja ya ukubwa wa ndimu imeng'ang'ania katikati. Alinijua mimi na mawe yangu. "Limetoka humo humo," akaninong'oneza, akaondoka. Udongo ulikuwa bado umeganda pembeni. Sikuuosha. Kaburi la mwanangu sikuliona kwa macho yangu, nililoweza kulishika ni jiwe lile. Sikumwambia mtu, nikaliweka kapuni pamoja na mengine.

Ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge, Korogwe. Lori lilifika asubuhi, mgambo wanafoka, pakieni upesi, pakieni upesi. Mbuzi wakatawanyika vichakani, ikabidi niwafuate. "Mama, nakuomba, kapu la mawe lisiachwe," nikamwambia mamamkwe.

"Nenda, nimesikia."

Tulishushwa porini, kwenye mistari ya vigingi wanayosema ndiyo nyumba zetu. Mamamkwe akaniita kando, akafungua pindo la khanga yake. Lo! Ganeti tupu, zimesuguliwa kwa jivu mpaka zinawaka. Mgambo walikataa kapu, akaniambia, eti zito mno, basi yeye akachukua kisogo cha shoka akazigonga moja moja zikatoka. "Nimekuokolea zenyewe. Takataka nimeiacha uani." Alikuwa anatabasamu, maskini, anangoja nimshukuru.

Ile ya ukubwa wa ndimu ilikuwa juu, safi, haina hata chembe ya udongo.

Nilipiga yowe. Nikamwambia lilikotoka lile jiwe, na nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama wa mumewe, kwamba amenizikia mtoto mara ya pili. Nilikuwa na hasira ya kuweza kupasua kitu. Yeye, mwanamke asiyekosa jibu, akalifunga tena pindo la khanga. Akaketi juu ya godoro letu lililokunjwa, mikono mapajani.

Alfajiri nikamkuta amekwisha kujifunga khanga. "Twende," akasema. Tukarudi kwa miguu, tukikwepa barabara kwa kuogopa mgambo. Nyumba yetu walikuwa wameitia moto. Uani, chini ya majivu, kulikuwa na vipande vya mwamba tele, vyote vyeusi, vyote vinameta.

Mamamkwe akachuchumaa. Akaichukua ile ganeti, akawa anaijaribisha kwenye kila kishimo alichokiona.

"Ni hili?"

"Silo, mama."

"Hili je?"

"Silo."

Jua likapanda. Shoka lilikuwa limesaga mengine yakawa changarawe, na mimi nilishaona kwamba hatutalipata. Hasira iliniishia, ikabaki huzuni tu. "Mama, basi. Yatosha. Twende zetu."

Hakuinuka. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa majivu, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta. "Ngoja kwanza, mwanangu," akasema. "Hata mimi siku ile nilibaki nyumbani. Hata mimi sikuliona kaburi lake."

Nikachuchumaa karibu naye, nikamnyooshea kipande kingine.