Maabara ya Waliojitolea

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nilikuwa na suruali mbili na maoni juu ya kila kitu. Likizo moja nilishuka kwenye treni ya Mpanda nikiwa nimejaa vumbi la Tabora mpaka masikioni, nikaenda kukaa kwa shangazi yangu, kijijini nje kidogo ya mji. Shangazi alikuwa mjane wa miezi minane.

Kijiji kilikuwa kinajiandaa kufungua maabara ya shule ya sekondari. Maabara yenyewe ilikuwa chumba cha matofali ya kuchoma chenye meza nne na fuvu la nyani, lakini kulikuwa na mgeni rasmi atakayekata utepe, na palipo na mgeni rasmi lazima pawe na maneno ukutani. Mkuu wa shule aliposikia kwamba kuna msomi kijijini, alinipa kazi mbili: nitunge maneno ya ukutani, na nizungumze kwenye mdahalo utakaotangulia sherehe.

Nilimweleza shangazi kwa majivuno. Alikuwa anamenya karanga, hakuinua macho.

"Baba, hayo maneno ukutani, mtaandika wananchi waliojitolea?"

"Ndivyo inavyoandikwa, shangazi."

"Mume wangu hakujitolea. Aliitwa. Andikeni waliitwa. Sitaki kingine."

Vijana wa leo wanaweza wasielewe. Kujitolea kwa enzi zile kulikuwa Jumamosi, saa moja asubuhi. Asiyejitolea alikamatwa. Mume wa shangazi alikuwa na homa Jumamosi ile. Mgambo walimkuta kitandani, wakamnyanyua, akaenda kuchimba udongo wa matofali ya maabara, na shimo likamporomokea. Kwenye mazishi mtendaji wa kijiji alisema marehemu alijitolea mpaka mwisho. Watu wakaitikia amina.

"Nitaliangalia," nilimwambia shangazi. Ni jibu nililojifunza chuoni. Halina maana yoyote, ndiyo sababu wahadhiri wanalipenda.

Siku ya mdahalo maabara ilijaa. Shuleni pale mwanafunzi aliyekutwa akiongea Kiswahili alivishwa kipande cha ubao shingoni, lakini kwa kuwa wazazi walialikwa, siku hiyo Kiswahili kilipewa ruhusa ya nusu siku, kama mfungwa anayekwenda kumzika ndugu. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa ametunga kisa mwenyewe, akakisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira. Nchi moja imeingiliwa na malale. Watu wanalala wasiamke. Profesa mmoja anawaweka watu ishirini kwenye chumba kilichojaa mbung'o, waumwe, waugue, ili ajue dawa ipi inaponya. Kumi na tisa wanakufa. Dawa inapatikana, nchi inapona. Mada: Profesa alitenda haki.

Mimi nilikuwa upande wa profesa. Sikupangiwa, nilichagua. Kumtetea mwenye huruma kunaweza kufanywa na mtu yeyote, nilijiambia, lakini kumtetea muuaji kunahitaji elimu.

Upande wa pili alianza msichana wa kidato cha tatu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kama ilikuwa haki, mbona profesa hakuingia yeye kwenye chumba?"

Wazazi wakacheka. Nikasimama, mkono mmoja mfukoni, jinsi nilivyomwona mhadhiri wangu akisimama.

"Angeingia yeye, nani angetengeneza dawa? Wewe?"

Nilishangiliwa. Fikiria mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu anayefurahia kumzima mtoto wa watu kwa swali la kijinga. Nilifurahi sana. Nikaendelea: manufaa ya wengi, gharama ya maendeleo, mtazamo wa kihisia na mtazamo wa kisayansi. Kila neno lililokuwa refu nililitumia mara mbili. Mkuu wa shule alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, ingawa nina hakika hakuwa ananifuata, kwa sababu hata mimi sikuwa najifuata.

Ndipo nikafika kileleni. "Na tusisahau, ndugu zangu, kwamba wale watu ishirini hawakulazimishwa. Walijitolea."

Kisa hakikusema hivyo. Niliongeza mwenyewe, papo hapo, kwa kuwa neno lilikuja mdomoni lenyewe. Hotuba zote nilizozisikia utotoni zilikuwa nalo.

Shangazi alikuwa kwenye benchi la wazazi. Alisimama bila kuomba nafasi.

"Samahani, nauliza. Hao watu wa mbung'o, mgambo alikwenda kwao asubuhi au jioni?"

Watu waliangua kicheko, kisha kicheko kikakatika vibaya, maana waliokuwa wanamfahamu walielewa kabla ya wengine.

"Mama, muda wa wazazi bado," alisema mwenyekiti.

"Nauliza hilo neno tu. Kwangu walikuja asubuhi. Walibeba na baiskeli yake, wakasema ataipata akitoka kujitolea."

Mtendaji wa kijiji, aliyekaa mbele, akaanza kufunga kamba za viatu vyake. Vilikuwa vimefungwa.

Hapo mtu mwenye akili angekaa chini. Mimi nilisema, "Tutofautishe kanuni na utekelezaji." Ukumbi ulilipuka kwa makofi, makofi ya watu waliookolewa. Upande wa profesa ukashinda kwa kura za kunyoosha mikono. Nikapewa zawadi ya chupa ya asali ya Inyonga, nikaipeleka nyumbani kwa mwanamke yuleyule. Aliipokea, akaiweka kabatini. Hakuifungua muda wote niliokuwepo.

Kesho yake nilitunga maneno ya ukutani, na fundi rangi akayaandika: MAABARA HII IMEJENGWA KWA NGUVU ZA WANANCHI. Lile neno la kujitolea nililiacha nje. Nilijiona shujaa, mtu aliyeipinga serikali kwa kutoandika.

Siku ya ufunguzi shangazi alisimama mbele ya ukuta. Alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima, na alipita herufi moja moja, midomo ikicheza.

"Umefuta neno," alisema.

"Nimefuta, shangazi."

"Hujaweka lingine."

"Mkuu wa shule alikataa."

Mkuu wa shule hakukataa kitu. Sikumwuliza. Niliogopa uso ambao angeufanya, nikamsingizia uso huo bila kuuona.

"Basi ngoja nimwombe mwenyewe," alisema, akakaza kanga kiunoni, akavuka uwanja kuelekea walikokaa wakubwa. Mimi, mtetezi wa sayansi, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rangi mbichi.

Niliwaona wakizungumza. Mkuu wa shule aliinama kumsikiliza, akaunyoosha mgongo, akatabasamu, akamwita fundi rangi palepale. Kisha akanipungia mkono.

"Mbona hukuniambia? Walioitwa! Neno zuri kabisa, kama la kanisani. Mgeni rasmi ni mlokole, atafurahi."

Fundi akaongeza WALIOITWA. Nafasi haikutosha, kwa hiyo herufi za mwisho zimebanana. Mgeni rasmi alilisoma kwa sauti mara mbili, akasema ni kweli, maendeleo ni wito. Watu wakapiga makofi tena. Kijiji chetu kilikuwa hodari sana wa makofi.

Nilimnong'oneza shangazi kwamba hawajaelewa, wanadhani ni Mungu aliyeita.

"Waache wadhani," alisema. Alinyoosha kidevu kuelekea meza ya wakubwa, alikokuwa amekaa mtendaji wa kijiji. "Aliyeita yule pale anakunywa soda. Na kusoma anajua."