Doa Kwenye Paji la Uso

Mimi ni muuguzi wa kutoka bara. Mwaka huu wa themanini na sita nililetwa Malindi, nikaapa kwamba hakuna mtoto mchanga wa mtaa wa Muyeye atakayekosa kupimwa macho. Tulikuwa wauguzi wawili, kwa hiyo, ili tusimpime mtoto mmoja mara mbili, nikapanga utaratibu: kila aliyekwisha kumulikwa kwa tochi atiwe doa la wino mweusi kwenye paji la uso. Kazi ilikwenda mbio ajabu. Kila niliyemwona na doa nilimruhusu aende, nikijiona hodari.

Bibi mmoja aliyempakata mjukuu wake alikataa kuondoka.

"Sista, mbona huyu wangu humtazami?"

"Shikamoo, bibi. Ameshapimwa, doa hilo hapo."

"Marahaba. Hilo ni wanja, mwanangu. Nimemtia mwenyewe asubuhi kumkinga na husuda. Kwani kwenu bara hakuna husuda?"

Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. "Hata sisi wetu tumewatia!"

Nikammulika mtoto. Mboni ya kushoto ilikuwa nyeupe kama tui. Kicheko kikakatika.

"Leo hii anakwenda kwa daktari wa macho," nikamwambia bibi. Kisha nikatoka mbio barabarani, tochi mkononi, nikipiga kelele: "Wenye madoa, rudini! Rudini nyote!"