Nilimsingizia Shemeji Kijicho kwa Sababu ya Pikapu

Naanza na lile zito kabla sijaingiwa na woga: kosa ni langu. Si la gari, si la mafundi, wala si la shemeji yangu, ambaye nimemharibia jina mtaa mzima. Jina langu silitaji. Wa Kibokoni mkinijua, basi nijueni tu, nimeshazoea kutazamwa.

Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya harusi: masufuria makubwa ya biriani, mikeka, viti, mapazia ya ukumbini. Miaka yote nilikuwa nikitegemea magari ya watu, mpaka Mungu akanijaalia pikapu yangu mwenyewe, nyeupe, imetumika lakini imetunzwa. Siku niliyoileta niliiegesha mdomoni mwa uchochoro, maana ndani haipiti, na nusu ya mtaa ikaja kuitazama. Niliringa! Wallahi niliringa.

Shemeji naye akaja. Huyu ni kaka wa mke wangu, aliendesha malori ya bandarini mpaka akastaafu. Akalizunguka gari, akainama kuchungulia uvunguni, akalipiga boneti kofi la mapenzi, akasema gari hili nitalichoka mimi, lenyewe halitanichoka. Mashaallah, ile ya kukinga kijicho, hakusema. Labda aliisema moyoni, labda alisahau. Lakini alinipa wasia mmoja: nisiongeze springi za nyuma, hata nishawishiwe vipi, kwani lilivyokaa ndivyo lilivyotengenezwa.

Unajua nilifanya nini? Wiki haikuisha, nikaenda kuongeza springi! Masufuria yangu ni mazito, na roho yangu ilitaka gari linyanyue makalio kama pikapu za wachukuzi wa miraa. Fundi mmoja wa nyuma ya Mwembe Tayari akanitilia bapa mbili za chuma kila upande. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi, gari limeinua mgongo kama paka aliyeona mbwa.

Safari ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya kwenda Mtwapa na vyombo. Ukienda polepole, hakuna neno. Ukifika themanini, loo! Mtetemo unaanzia chini ya kiti, unapanda uti wa mgongo, unaishia kwenye usukani. Vifuniko vya masufuria vilipiga makelele huko nyuma kama tunapeleka ngoma, na mke wangu, aliyekuwa akipaka wanja, akajichora mpaka karibu na sikio. Alinigeukia, nikajua siku hiyo chakula cha mchana nitajitafutia.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza akabalansi magurudumu. Wa pili akasema tairi ndizo mbovu, nikabadilisha zote. Wa tatu akaweka raba mpya za kushikilia injini. Mtetemo uko pale pale! Kila mmoja aliniuliza kama gari limeguswa popote tangu nilinunue, na kila mmoja nilimjibu halijaguswa.

Kwa nini nilidanganya? Aibu tu, ndugu yangu. Ningetaja springi, habari ingemfikia shemeji, na shemeji angenicheka. Basi, ndiyo sababu yote hiyo. Nilikuwa nakimbia kicheko ambacho hakijachekwa.

Nikaenda mpaka kwa maalimu kumuomba alisomee gari dua. Akaniuliza kama nimelipeleka kwa fundi. Nikamwambia watatu. Akalisomea, mzee wa watu, kisha akaniambia nimtafute wa nne.

Jioni moja baada ya swala ya Alasiri tumekaa barazani, kahawa inazunguka, wenzangu wakaanza kunitania kwamba gari langu lina homa. Mmoja akauliza homa yenyewe imeanza lini. Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Badala ya kusema imeanza nilipotia springi, nikasema imeanza siku ile shemeji alipolisifu gari bila kusema Mashaallah. Siku nilizijua vizuri, nikazibadilisha makusudi. Na shemeji amekaa pale pale, kikombe mkononi!

Shemeji akaweka kikombe chini, akatafuta viatu vyake, akasema taratibu: "Nimelifurahia gari lako kama langu. Sikujua macho yangu yana maradhi." Akaenda zake, na tangu siku hiyo hakukaa tena pale.

Nilidhani yatapita. Hayakupita! Mtaa wetu ni mdogo, na neno kama lile hufika nyumba ya mwisho kabla hujafunga mdomo. Mwezi haukuisha, mwenye duka la vitambaa akawa anafunika mzigo mpya akimuona shemeji yuwaja. Akina mama wakawa wanawafunika watoto wachanga kwa leso akipita. Na huyu ni mtu aliyekuwa hapiti mlango wenye mtoto bila kusimama kumbeba! Mke wangu akawa anakwenda kumtazama kaka yake peke yake, na akirudi hanisemeshi mpaka kesho yake.

Fundi wa nne hakuniuliza kitu. Alilala chini ya gari, akatoka akijifuta mikono.

"Springi hizi nani kaongeza?"

Nikasema nimelinunua hivyo hivyo.

"Bapa mpya hizi, hata kutu hazina," akasema. "Umelinyanyua nyuma, shafti inayozungusha magurudumu imekaa mshazari. Hata ulipeleke kwa mafundi mia, litatetemeka tu."

Nikakiri. Akazitoa bapa zote, kazi ya saa moja. Nikaliendesha mpaka Mtwapa: themanini, tisini, kimya kabisa, gari linateleza kama hariri. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miezi. Nikaegesha kando ya barabara, nikalia! Mtu mzima na ndevu zangu, ndani ya gari zima, nalia.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa shemeji nikamwambia yote, springi na uongo wa siku. Alinisamehe kabla sijamaliza. Nikaenda na barazani, nikasema mbele ya wale wale walionisikia. Wakacheka, wakanipiga mgongoni, wakanijazia kahawa. Nikaona yamekwisha.

Kisha binti yangu akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya arobaini nyumba imejaa watu, pilau linanukia mpaka njiani, na shemeji akaja. Nilifurahi mno! Lakini alisimama mlangoni, macho sakafuni, mkononi ana kofia ndogo aliyoishona mwenyewe. Binti yangu akatoka na mtoto, akamwambia, "Mjomba, mpokee mjukuu wako."

Shemeji akageuza uso ukutani.

"Mrejeshe ndani, mwanangu. Dua namuombea papa hapa. Kesho akiamka na homa, watu wataulizana nani alimtazama."

Akaikabidhi kofia kwa mkono wa nyuma, bila kugeuka, akaondoka. Binti yangu hakumuangalia mjomba wake akienda. Aliniangalia mimi.

Basi nyinyi wenye magari, nawaomba. Likitetemeka, mwambie fundi ukweli wote, hata ule unaokuonyesha mjinga. Na kama umefanya upuuzi wako, utaje wewe mwenyewe, usimtafutie mtu wa kuubeba! Mimi niliona aibu ya siku moja, nikamtwika mwenzangu ya maisha.

Pikapu iko salama, haina hata mlio. Mtoto ana miezi mitano sasa na kofia imeanza kumbana, na mjomba aliyeishona bado hajui sura yake.