Bonde la Bi Chekeche

Mwaka ule mvua zilikataa kukatika, naye, binti asiyetimiza miaka ishirini, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi katika chumba cha nyuma cha ofisi ya wachoraji wa majengo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ardhi ya mezani, ile ambayo nyumba zenye ukubwa wa kiberiti husimama juu yake ili mnunuzi auone mtaa kabla haujajengwa. Aliloweka magazeti, akayaponda na gundi, akafinyanga vilima. Juu yake akanyunyiza udongo wa eneo lenyewe, uliochekechwa mara tatu. Majani ya chai iliyokwisha kunywewa, yakikaushwa na kutiwa rangi, yalikuwa vichaka.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kutoukaanga udongo ule. Baada ya wiki mbili nyasi zikachipua mezani, zikazipita nyumba kwa urefu, na ofisi nzima ikashika mbavu kwa kicheko. Hakulia. Alinunua kikaango. Wakambandika jina la Bi Chekeche, naye akaliitikia.

Miaka thelathini na mingapi sijui ikapita. Mkurugenzi sasa alikuwa mwana wa yule aliyemwajiri, naye akaleta kazi ya mtaa mpya. Bi Chekeche akaenda na ndoo yake kuchota udongo, akalikuta bonde jembamba, na kwenye mashina ya miti alama za maji zilizomfika kifuani. Katika ramani ya mauzo bonde halikuwamo. Mahali pake palichorwa shule ya watoto wadogo. Yeye akalifinyanga lilivyo.

Mkurugenzi akaja akitabasamu.

“Mama, hako kashimo kanatisha wateja. Kafukie tu, si ni karatasi na gundi?”

“Mwanangu, kashimo hako nimekapima kwa miguu yangu. Wewe anza kukafukia kule, nami nitakufuata huku.”

Tabasamu likamtoka. Akasema wateja wanakuja Ijumaa, na asiyetaka kazi mlango anaujua. Mdogo wake Bi Chekeche wa kiume, mchoraji wa ofisi hiyo hiyo, akamfuata chumba cha nyuma kumsihi. Ulibaki mwaka mmoja tu dada yake astaafu.

“Dada, utaondoka hapa na nini?”

“Na chekeche langu. Nilikuja nalo.”

Ijumaa Bi Chekeche akakuta bonde limefunikwa kitambaa cha kijani, na kishule kimesimamishwa juu yake. Wateja walikuwa wameizunguka meza. Aliwaamkia wote kwa adabu, akachukua birika la maji, akamimina kileleni taratibu, kama anayemwagilia mche. Maji yakashuka, kitambaa kikabonyea, na kishule kikaelea hadi ukingoni mwa meza.

Mama mmoja aliyebeba mtoto akauliza kama huko nako maji hupita hivyo.

“Huko hufika hapa,” alisema Bi Chekeche, akajigusa kifua.

Mkurugenzi akamwambia asionekane tena ofisini baada ya saa sita. Ilikuwa saa nne na nusu. Alikifunga kikaango ndani ya kanga, akaliweka chekeche kwapani, akaacha funguo mezani. Kisha akarudi kwenye lile bonde, akakibandua kile kitambaa cha kijani, akakikamua dirishani, akakikunja vizuri na kukiweka juu ya kiti cha mkurugenzi.